Naomba Nirudishiwe Udongo Wangu Uliomo Kwenye Bwawa

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Mabwawa,

Mheshimiwa, mimi sijawahi kukuona na wewe hujabahatika kuniona, lakini nakupa heshima yako yote kabla sijaanza kuipunguza. Natumaini u mzima, wewe na walio chini yako. Mimi ni mzima kabisa isipokuwa goti la kushoto, ambalo nitalieleza kwenye lalamiko la pili kwa sababu linahusika.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilijifunza kusoma na kuandika ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na mwalimu alisema hajawahi kuona mtu anayeshika kalamu kwa nguvu kama mimi. Kwa hiyo ukiona karatasi imetoboka mahali, ujue hapo ndipo penye jambo zito.

Huku naitwa Mzee Kimbilio. Uliza mtu yeyote. Nyumba yangu iko juu ya mwamba, peke yake, upande wa juu wa korongo. Kwetu ni jangwa, Mheshimiwa. Mvua hatuioni, lakini ikinyesha huko milimani, basi korongo lililokuwa kavu kama kisigino linajaa maji mekundu yenye magogo, na mji wote wa chini unakuwa supu. Nilipojenga juu ya mwamba watu waliniita kichaa. "Huyu anataka ujirani na tai," walisema. Mafuriko yalipokuja, wote wakapanda kwa tai. Tangu siku hiyo ikawa desturi: mimi napuliza baragumu langu la pembe, wao wanapanda na magodoro, mbuzi na watoto, mke wangu anateleka sufuria kubwa, na kila familia inakwenda mahali pake kwenye sakafu yangu bila kuonyeshwa. Kanuni ya nyumba ilikuwa moja tu: hakuna anayeondoka mpaka tope likauke. Miaka yote hiyo sikupoteza mtu, isipokuwa jogoo mmoja aliyekuwa mbishi.

Kisha mkatuletea bwawa. Mkalishindilia tuta la udongo kutoka ubavu wa mwamba wangu mpaka kilima cha pili, refu, juu yake pana kiasi cha lori kupita. Tangu lilipokamilika, mafuriko hayajafika mjini hata mara moja. Ndiyo sababu nalalamika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bwawa lenyewe halina maji. Mimi nimeona mabwawa kwenye kalenda, Mheshimiwa, na yana maji. Hili lenu limejaa mbuzi. Vijana wameweka magoli ndani yake wanacheza mpira, na njia yangu ya kwenda mjini inakatiza katikati, nafika upande wa pili na viatu vimejaa vumbi. Nilimuuliza injinia wenu, yule wa kofia ya njano, akasema ndivyo linavyotakiwa kuwa: likae tupu, lisubiri mafuriko, yakija liyapokee yote tumboni, halafu liyatoe kidogo kidogo kwa bomba la chini mpaka libaki tupu tena. Nikamwambia nimemwelewa vizuri, maana hata mimi nina shemeji wa namna hiyo, anapokea yote na anatoa kidogo kidogo. Alicheka sana, lakini hakurekebisha kitu.

2. Goti langu limedharauliwa. Goti hili lilikuwa likiijua mvua ya milimani kabla ya mawingu yenyewe kuijua. Likianza kuuma kwa ndani, kama mtu anageuza ufunguo, nilichukua baragumu. Watu wazima wenye redio zao walikuwa wanapanda kuniuliza, "Mzee, goti linasemaje leo?" Nami nalinyoosha mbele yao walitazame. Mwaka jana nilitangaza sokoni kwamba goti limesema. Muuza nyama, huku anakata mfupa, akanijibu, "Lipake mafuta, mzee. Sisi tuna bwawa." Watu walicheka mpaka mizani ikatikisika. Na goti lilikuwa limesema kweli! Mvua ilinyesha. Ila maji hayakufika mjini kunitolea ushahidi, kwa sababu mliyazuia ninyi.

3. Ugomvi hauishi tena. Zamani watu wawili wakinuniana tulikuwa tunasubiri mvua tu. Mwamba ukizungukwa na maji, utaondoka kwa hasira uende wapi? Muuza nyama na mwoka mikate waliwahi kugombana kwa sababu ya mbwa. Niliwapa mkeka mmoja na blanketi moja. Mwanzoni walivutana blanketi, kufika asubuhi wanapeana tumbaku. Sasa wamenuniana upya, kwa sababu ya mbwa yule yule, na kila mmoja anakwenda kwake anafunga mlango. Mbwa ameshakufa, Mheshimiwa, lakini ugomvi bado unakula. Hata uchumba umeharibika. Mkwe wangu, fundi baiskeli, nilimkubali siku aliyoogelea kuja kwangu juu ya mpira wa tairi la lori, amembeba bibi yake mgongoni. Siku hizi kijana anakuja kuposa akiwa mkavu. Utampimaje?

4. Shemeji. Huyu ni mume wa dada yangu, fundi cherehani, na nyumba yake ndiyo ya chini kuliko zote. Kila mafuriko yeye alikuwa wa kwanza kupanda, cherehani kichwani, ananiita "kaka, kaka" njia nzima. Tangu bwawa limalizike naitwa "wewe mzee". Amejenga baraza. Amepaka ukuta rangi ya bluu, ukuta ule ule ambao mimi mwenyewe niliwahi kutoa chura kwenye dirisha lake. Jioni watu wanakaa kwake, si kwangu. Nilipokuwa napita aliniambia mbele ya wote, "Wewe mzee, hama huko juu, utabaki na kunguru." Nilimjibu vizuri sana, lakini jibu lilinijia nikiwa nimeshafika nyumbani, na aliyekuwepo ni mke wangu peke yake. Akalisikiliza jibu lote, akaniambia, "Mwandikie Mkuu wa Mabwawa." Basi nakuandikia.

5. Hili naliandika kwa kifupi. Binti yangu wa mwisho, huyo mke wa fundi baiskeli, anakaa chini karibu na soko. Zamani mvua moja ilinipa yeye na watoto mpaka tope likauke. Mjukuu wangu mkubwa alijifunza kusimama kwa kushika goti langu, hili hili wanalolicheka. Mwaka wa maji makubwa binti alichelewa njiani. Alikuja maji yamemfika shingoni, mtoto amemweka kwenye beseni kichwani. Lakini alifika, na uji ulikuwa tayari. Sasa anaishi mkavu, na kila nikituma salamu anajibu, "Baba, tutapanda kazi zikipungua." Kazi hazipungui, Mheshimiwa. Mafuriko ndiyo yaliyokuwa yakizipunguza. Ana mtoto mchanga ambaye hajalala kwangu hata mara moja. Mkeka wao umekunjwa nyuma ya mlango, na mke wangu anaupiga vumbi kila wiki kana kwamba unatumika. Mke wangu anasema njia ya kupanda ndiyo hiyo hiyo ya kushuka, na yeye hushuka. Nilimwambia kimbilio halishuki. Umewahi kuona wapi kimbilio linatembea?

6. Udongo. Hapa karatasi imetoboka, naomba uwe mvumilivu.

Kabla ya kujenga, injinia alitafuta udongo wa mfinyanzi wa kuweka katikati ya tuta, mahali wanapopaita moyo, ili maji yasipenye. Watu wakaleta kila mmoja udongo wa shamba lake. Injinia akafinyanga donge la kila mtu, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji, sote tukiwa tumezunguka. Donge la shemeji liliyeyuka kabla hajatoa mkono. La muuza nyama likawa uji. Langu, Mheshimiwa, lilikaa. Tukaenda kunywa chai, tukarudi, limekaa. Injinia akasema hajawahi kuona udongo wa namna hiyo. Nami kwa furaha ya kumwona shemeji anaitazama ndoo yake, nikasema chukueni, chukueni wote. Mkachukua wote. Shamba langu sasa ni shimo ambalo ukiliita linakuitikia. Sikudai kitu, sifa ilinitosha. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba udongo wangu mwenyewe ndio utakaosimama kati yangu na wageni wangu. Udongo niliozaliwa juu yake, nikaulima, nikausifu, leo unanifukuzia wajukuu! Ningejua, ningesema ni mchanga.

Kwa hayo yote naomba, kwa adabu kamili, mambo yafuatayo.

Idara ifungulie mafuriko madogo mara moja kwa mwaka. Sitaki makubwa. Yafike kifundo cha mguu kwa muuza nyama na magotini kwa shemeji. Taarifa itolewe mapema ili dada yangu atoe vyombo, maana mimi si mtu mbaya.

Hilo likishindikana, bwawa lihamishwe. Lijengwe upande wa chini, mji ukishapita. Huko maji yakishamaliza kazi yake mjini yatapata mahali pazuri pa kupumzika.

Na hilo likishindikana, nirudishiwe udongo wangu. Wote, na uwe ule ule. Msiniletee wa shemeji mkadhani sitajua, mimi udongo wangu naujua kwa ladha. Tena ili msione natania, nimeshaanza. Jana nilikwenda na jembe na toroli mpaka juu ya tuta, upande wa kwangu, nikachimba kwenye bega lake la ndani, nikaufukua udongo wa watu wengine mpaka nikaufikia wangu, nikachukua toroli moja la utangulizi. Liko mbele ya mlango, limefunikwa gunia. Uliobaki nawasubiri ninyi na malori yenu, kama mlivyouchukua.

Nimalizie kwa salamu. Nisalimie injinia wa kofia ya njano, mwambie lile donge bado nalikumbuka. Msalimie dereva wa katapila, yule aliyekuwa anakula kwa mikono miwili, na mpishi aliyekuwa anamlisha. Msalimie karani atakayefungua barua hii, na asicheke kabla hajamaliza namba tano. Wasalimie watoto wako, na wazazi wako kama bado unao. Huku mji wote unakusalimu, ingawa sijawauliza.

Ni mimi mlalamikaji wako, mwenye heshima zote na shimo moja,

Mzee Kimbilio (wa zamani)

Nyongeza, baada ya kutia sahihi:

Mheshimiwa, barua hii imechelewa. Dereva wa lori la chumvi, ambaye ndiye hutupelekea barua, hakupita. Hakupita kwa sababu ya mvua milimani. Goti halikusema neno. Nadhani limesusa.

Niliona mwenyewe kutoka mlangoni kwangu. Huko juu palikuwa peusi, kisha nikasikia mlio kama malori yanashuka bila breki. Nikachukua baragumu na kamba, nikakatiza uwanja wa mpira mbio, nikawafukuza vijana na mbuzi mbele yangu, nikaingia mjini napuliza. Hakuna aliyebeba hata mto. Shemeji alikuwa anashona kitufe. "Wewe mzee, tulia," akasema, akakata uzi kwa meno. "Twende tukatazame." Mji wote ukapanda juu ya tuta kama wanakwenda harusini. Mke wangu alikuwa kwa binti tangu asubuhi, nao wakaja pamoja, mtoto mchanga mgongoni.

Maji nimeyaona maisha yangu yote, lakini mengi kiasi kile sikuwahi kuyaona yamesimama. Yalikuja na miti mizima, yakaligonga tuta, yakarudi nyuma kama mtu aliyekosea mlango, halafu yakaanza kupanda. Magoli yakazama. Njia yangu ikazama. Mimi nikageuka kuutazama mji, nikapima kwa macho maji yale yangefika wapi. Kwa shemeji, rangi ya bluu yote ingekwisha. Kwa binti yangu nilipima mara mbili. Sitaandika yalipofika. Yeye ni mfupi kama mama yake. Na mwaka ule alikuwa na mtoto mmoja, sasa ana watatu na beseni ni lile lile.

Ndipo nikaliona shimo langu, lile nililolichimba kwenye tuta. Maji yalikuwa yamefika kwenye mdomo wake, yanalilamba, na kila yakilamba donge linadondoka. Shemeji naye akaliona. Akatazama alama ya gurudumu la toroli inayokwenda moja kwa moja mwambani kwangu, akanitazama mimi. "Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema. "Wewe umekuta ukuta, ukajenga ufa." Safari hii jibu halikunijia hata baadaye.

Nilikimbia, Mheshimiwa. Kwa umri huu, juu ya tuta lako, mpaka kwangu. Nikatupa gunia, nikarudi na toroli, na goti lilipokuja kushtuka tulikuwa tumeshafika. Tukaumimina udongo. Muuza nyama na mwoka mikate wakaingia wakaushindilia kwa miguu, wameshikana mabega wasiteleze. Walikuwa bado wamenuniana, lakini wameshikana. Mkwe wangu akaleta magunia ya mchanga. Shemeji akaruka juu ya magunia na viatu vyake vya kutembelea, anapiga kelele, "Kaka, ongeza hapa! Kaka, na hapa!" Nikaongeza. Maji yakapanda, yakaufikia udongo wangu, yakaujaribu, yakaona haya. Ulikaa kama donge ndani ya ndoo. Nikamwambia shemeji, "Umeona?" Akasema ameona.

Kwa hiyo futa maombi yote. Mafuriko madogo siyataki, hata ya kulowesha ukucha. Bwawa lisihamishwe. Na yeyote atakayeugusa udongo ule, awe wewe, awe mimi, akamatwe hapo hapo. Nimempigia injinia kwa simu ya shemeji nikamwamuru aje alikague shimo, na aliongeze tuta kimo cha mtu. Kimo changu mimi, si cha shemeji. Na mkiweka kibao, kiandikwe kwamba moyo wa bwawa hili umetoka shambani kwa Mzee Kimbilio. Herufi ziwe kubwa, zisomeke kutoka kwenye baraza la bluu. Barua yenyewe sikuichana kwa sababu mwandiko ulikuwa umekaa vizuri.

Jambo la mwisho. Haya nayaandika nikiwa kwa binti yangu, maana njia ya kwangu imo chini ya maji. Ni kweli iko ile ya juu ya tuta, niliyopita na toroli. Lakini ile ilikuwa dharura, kwa matembezi ya kawaida siijui. Mke wangu aliijua, akaenda akauleta ule mkeka uliokuwa nyuma ya mlango, pamoja na barua hii, nimetandikiwa karibu na dirisha. Mtoto mchanga amelala juu ya goti langu la kushoto wakati huu ninapoandika, ndiyo maana mistari imepinda. Haliumi.

Asubuhi nilisema, kwa adabu tu, kwamba labda nijikongoje nirudi kwangu, nisije nikawachosha. Binti hakugeuka hata kunitazama, aliendelea kukoroga uji. "Baba, kanuni ni yako mwenyewe," akasema. "Hakuna anayeondoka mpaka tope likauke."

Injinia anasema bomba lile litayatoa maji kidogo kidogo, ndivyo lilivyotengenezwa. Tafadhali, Mheshimiwa, mwambie asilifungue zaidi.

Mzee Kimbilio (bado)